"Dau la mnyonge haliendi joshi": joshi ni nini? Uzi wa majina ya vyombo vya mbao

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi binti yangu wa kidato cha pili kaniletea daftari la Kiswahili. Swali lilikuwa: "Eleza maana ya methali hii: Dau la mnyonge haliendi joshi." Kaandika kwamba joshi ni mwendo wa kasi, kwa hiyo maskini hawezi kufika haraka. Kapewa alama zote. Nikabaki nimelishika lile daftari kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu na konda keshashuka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi. Nimekua nikiokota bandu za mwembe za kuwashia jiko la bibi, kwa hiyo hili siwezi kuliacha lipite.

Joshi si kasi. Tanga la jahazi lina pembe tatu. Pembe ya juu iko kwenye ncha ya foromali, ule mti mrefu wa mshazari unaobeba tanga. Pembe ya chini ya mbele hukazwa kuelekea upande upepo unakotoka, na kamba yake ndiyo joshi (wengine husema goshi). Pembe ya chini ya nyuma huvutwa kwa kamba nyingine iitwayo demani. Ndiyo maana upande wa upepo huitwa joshini au goshini, na upande wa pili demani. Sasa kwenda joshi ni kukaza kamba hiyo mpaka chombo kiuume upepo, kiende kwa mshazari kuelekea huko huko upepo unakotoka. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa chombo cha tanga. Inataka tanga lisilolegea, mlingoti usioyumba, mkuku wenye kina wa kuzuia chombo kisiburutwe ubavuni, na mabaharia wa kutosha.

Mnyonge hana hata kimoja. Tanga lake viraka, dau lake fupi, yuko peke yake na mwanawe. Upepo ukiwa nyuma, hata dau bovu linakimbia, tena linaweza kukimbia sana. Akitaka kurudi kinyume cha upepo ndipo hali yake inapoonekana. Kwa hiyo methali haisemi maskini anachelewa. Inasema maskini huenda anakopelekwa. Na kile kipande cha pili ambacho vitabu vingi vinakikata, "likienda joshi ni Mungu kupenda", hapo sasa kinaeleweka.

Nikajiuliza, ni maneno mangapi ya aina hii tunayatumia huku hatujui yametoka kwenye ubao gani? Nitaandika ninayoyajua, nanyi mwongeze.

Jahazi huanzia chini. Mkuku ndio uti wa mgongo wake, gogo moja refu linalolala kuanzia mbele hadi nyuma. Jina jingine ni utako, na hapo huhitaji kamusi: ni tako, kile chombo kinachokalia. Wazee wetu hawakuona haya kukipa chombo mwili wa mtu. Ncha ya mbele ni kikono. Mbele kwa jumla ni omo, nyuma ni tezi, na katikati chini kabisa, kule maji machafu yanakojikusanya na kufuliwa, yaani kuchotwa na kumwagwa nje, ni ngama. Ndipo mnapata ile methali ya "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani". Zunguka utakavyo, utarudi kushika kata ufue maji na wenzako.

Juu ya mkuku zinapandishwa mbao, kisha ndani yanatiwa mataruma, yale mabao yaliyopinda kama mbavu. Mti wa taruma haupindwi kwa moto wala kwa mashine. Fundi anaingia shambani au msituni kutafuta tawi ambalo Mungu keshalipinda. Babu akipita chini ya mwembe wa mtu alikuwa haangalii maembe, anaangalia mapindo. Ramani hana. Ana uzi, ana tezo, ana jicho moja amelifumba.

Msumari haupigwi hivi hivi, mbao itapasuka. Kwanza tundu linatobolewa kwa keekee, chuma cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta, mbele nyuma, mbele nyuma, kwa sauti ile ile ya jina lake. Kisha msumari unazungushiwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa ili maji yasipate njia. Baada ya hapo ndipo kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta inasukumwa kwenye kila mwanya wa mbao kwa chembeu, patasi butu isiyokata. Ukiwa karibu na chelezo, pale vyombo vinapoundwa na kutengenezwa, wakati wa kalafati unasikia tok tok kutwa nzima, na fundi mzoefu anajua kwa sauti tu mwanya umeshiba au bado.

Nikipata nafasi nitaendelea na matanga. Karibuni.

#2

Mkuu uzi mzuri, ila tuseme ukweli: maneno ya baharini ni Kiarabu yote. Sisi tulikuwa tunavua kwa mitumbwi, majahazi yakaja na wenyewe. Nahodha Kiarabu, usukani Kiarabu, jahazi Kiarabu. Hakuna la kwetu hapo.

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu #2, nashukuru umelisema waziwazi, maana wengi wanaliwaza kimyakimya.

Tuanze na nahodha. Kiarabu kimelipokea tu, asili yake ni Kiajemi: *nav* ni chombo cha baharini, *khuda* ni bwana mwenye mali. Bwana wa chombo. Serahangi, msaidizi wake, naye ni Mwajemi, kutoka *sarhang*, kamanda. Usukani ni Kiarabu kweli, *sukkan*. Rubani pia, *rubban*, na huyu sasa keshapanda ndege. Jahazi lenyewe kwa maana ya chombo cha baharini ndilo neno la Waajemi na Wahindi vilevile. Kwa hiyo hata "Kiarabu" chako kina wageni ndani.

Lakini hoja yangu ni nyingine. Chukua jahazi la Kuwait au la Sur kule Oman, uliweke kando ya letu, uulize majina kipande kwa kipande.

Wao foromali wanaiita *farman*. Demani wanaiita *daman*. Joshi ni *josh*. Mti unaochomoza mbele ya omo, sisi dasturi, wao *dastur*. Mlingoti mdogo wa nyuma, sisi galme au kalme, wao *galmi*. Mpaka hapo unashinda, #2.

Sasa shuka chini. Sisi mkuku, wao *bis*. Sisi taruma, wao *shalman*. Sisi mlingoti, wao *dagal*. Sisi tanga, wao *shira*. Hakuna hata kimoja kinachofanana!

Kama chombo kizima kingekuja na wageni, tungepokea na jina la mkuku. Mtu hafundishwi kujenga nyumba akakopa jina la dirisha tu, akaacha la msingi. Ninavyoona mimi, mkuku, mbavu, mlingoti na tanga tulikuwa navyo. Tulichokipokea ni namna mpya ya kulitega tanga la pembe tatu, pamoja na kamba zake na majina yake. Aliyekuonyesha kamba ndiye aliyekutajia jina la kamba.

Na tazama vitenzi, maana fundi hukopa jina la kitu upesi, ila jina la tendo huwa hakopi ovyo. Tanga linatwekwa, kisha linatuliwa. Kutweka ni ndugu wa kutwika, yaani kumpandishia mtu mzigo kichwani. Kutua ni kuushusha mzigo huo. Mama anayetoka kisimani na ndoo na baharia anayevuta jarari, kamba ya kupandishia tanga, wanatumia maneno yale yale, na ni Kibantu kitupu. Chombo nacho vilevile: cha baharini na cha jikoni ni neno moja.

(Jarari ni Kiarabu, kutoka kuvuta. Nimelisema mwenyewe kabla hujanishika.)

#4 – kutoka Lamu

Salaam aleikum. Mwenye uzi, umesahau mtepe, na bila mtepe hoja yako ina mguu mmoja.

Mtepe ulikuwa chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa hivi vya kwetu, Pate, Faza na kwingineko. Hauna msumari hata mmoja. Mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na matundu yanazibwa baada ya kamba kupita. Tanga lake la mraba, limesukwa kwa ukindu na miyaa kama mkeka. Mbele una shingo ndefu kama ya ngamia na umechorwa macho. Wazee walisema chombo kisicho na macho hakioni njia.

Huu si mchezo wa juzi. Kuna kitabu cha mwongozo wa biashara kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja bandari ya pwani hii iitwayo Rhapta, na kinasema jina limetokana na vyombo vilivyoshonwa, kwani kwa Kigiriki *rhapto* ni kushona. Bandari yenyewe wataalamu wanaitafuta hadi leo. Basi kabla msumari wa mtu yeyote haujafika, tayari tulikuwa na mafundi na mgeni akaipa bandari jina kwa kazi yao.

Mitepe ya kweli ilikwisha katika karne ya 20. Baadaye mafundi wa kwetu waliujenga upya mmoja wa ukubwa kamili, ukawekwa ndani ya jumba la makumbusho la Beit el Ajaib, Unguja. Jengo lile sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020. Nilipoiona picha ya kifusi sikuwaza kuta. Niliwaza ule mtepe.

#5 – Mwanzisha uzi

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Umenimalizia. Tanga la mkeka ndilo nililotaka kufikia.

Mnajua kwa nini msibani tunasema kukaa matanga? Maelezo ninayoyakubali ni haya: tanga lilikuwa mkeka mkubwa, na waombolezaji hukaa na kulala chini juu ya mikeka mikubwa siku zote za msiba. Kuweka tanga, kuondoa tanga. Neno ni lile lile, na kitu chenyewe kilikuwa kile kile.

Kuna na tangambili, majira kati ya kusi na kaskazi, zile pepo kuu mbili za mwaka. Upepo haujaamua, leo huku kesho kule, na tanga linahamishwa kila saa. Demani nayo ina maana mbili: ni kamba niliyoitaja na ni majira ya mwisho wa kusi, bahari ikianza kutulia. Kwa Kiajemi *daman* ni pindo la vazi. Kamba inashika pindo la tanga, na majira yale ni pindo la kusi. Mimi naliona ni moja ya maneno mazuri kuliko yote katika lugha hii, na leo ukilitaja mjini watu wanadhani ni jina la hoteli.

#6

Samahani wakuu, mimi mtu wa bara, bahari nimeiona ukubwani. Kila nikipita fukwe za Nungwi kwenye majahazi nasikia harufu kali, nikaambiwa ni "sifa". Nikacheka nikidhani natapeliwa. Sifa inanukaje?

#7 – Mwanzisha uzi

Hahaha karibu pwani. Hujatapeliwa.

Mafuta ya sifa ni mafuta yanayotolewa kwenye maini ya papa na samaki wengine, yakaachwa yaive yenyewe mpaka yawe mazito. Yanapakwa kwenye mbao za nje na ndani ili jua lisizipasue na maji yasizioze. Wajomba zetu wa Oman nao wana *sifa* hiyo hiyo ya samaki, kwa hiyo haihusiani na sifa za kumsifu mtu. Maneno hayo yanafanana matamshi tu. Ila wazee wa chelezoni walikuwa na utani wao: mtu akijisifu sana, mmoja anainua pua na kusema, "Leo kuna jahazi linapakwa hapa."

Chini ya maji hali nyingine. Huko hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta mazito ya mnyama. Asili yake ni Kiarabu *duhn*, mafuta. Chombo kinapandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali kabisa, kinalazwa ubavu, kinakwanguliwa, kinapitishwa moto wa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, kisha watu wanapaka deheni kwa viganja haraka haraka kabla maji hayajarudi. Bamvua haimsubiri mtu. Nilikuwa na miaka tisa niliporuhusiwa kupaka mara ya kwanza, na chokaa ilinibabua viganja wiki nzima. Bibi hakunionea huruma hata kidogo.

#8 – kutoka Mombasa

Wareno mmewaacha nje kabisa? Walikuwa kwenye pwani hii karibu miaka 200, mpaka Ngome ya Yesu ilipotekwa 1698. Hawakuacha kitu chelezoni?

#9 – Mwanzisha uzi

Waliacha, ila vitu vidogo vya chuma na vya kuzunguka. Parafujo ni lao, *parafuso*. Roda, ile gurudumu ya kapi inayopitisha kamba, ni *roda*, yaani gurudumu. Bendera ni *bandeira*, hilo halina ubishi. Kapi yenyewe ni ya India.

Na wao walikopa kwetu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipewa Malindi mtu wa kumwongoza kuvuka hadi India. Waandishi wao wakamwita *Malemo*, wakidhani ni jina lake. Lilikuwa ni cheo: maalimu, mwalimu, mjuzi wa nyota na njia za bahari. Ni kama mgeni aandike kwamba alipelekwa hospitali na bwana mmoja aitwaye Dereva.

India inastahili uzi wake. Mashua ni ndugu wa *machhwa* ya pwani ya Bombay, ambayo ni mashua ya wavuvi, na *machhi* ni samaki. Msaji, mti wa mbao bora zilizoletwa kutoka huko, ni *saj* ya Waarabu iliyovishwa m- yetu ya miti. Randa, ya kulainishia mbao, ni Kiajemi. Ukilifungua kapu la fundi mmoja wa Lamu au Nungwi umeifungua Bahari ya Hindi nzima, lakini mkono unaoshika ni wake.

#10 – #2 tena

Sawa mkuu, nimerudi. Mkuku na taruma nakubali. Dasturi siachi. Umesema ni mti wa mbele ya chombo. Sasa desturi ya mila nayo imetoka kwenye mti?

#11 – Mwanzisha uzi

Hapana, zote mbili zinatoka Uajemi. *Dastur* kule ni kanuni, utaratibu uliowekwa. Hiyo ikaja kuwa desturi zetu. Ule mti wa omoni wakaupa jina hilo hilo huko Ghuba, nasi tukaupokea, ila kinywani tukazitenganisha kidogo: desturi nyumbani, dasturi chomboni. Kwa nini mti uitwe kanuni, nikikujibu nitakuwa naota. Nakuachia.

#12

Mimi nafanya kazi ya boti za faiba, Dar. Mbao sijawahi kuzigusa, tunamimina tu kwenye kalibu. Nimesoma uzi wote. Naona hizi habari zinakwisha, au sio? Kijana wa leo atajuaje chembeu?

#13 – kutoka Lamu

#12, hapa kwetu mwaka 2018 walishusha baharini jahazi lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa, linaitwa FlipFlopi, limevikwa ndara za rangi rangi, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Unguja. Lilijengwa na mafundi wa majahazi. Mkuku wa plastiki, mataruma ya plastiki. Jina la kitu halikubadilika kwa kuwa mti umebadilika.

Wewe huko kwenye faiba, zile mbavu za ndani mnaziitaje?

#14 – #12 tena

Taruma. Fundi aliyenifundisha alikuwa akiziita hivyo, nami nikadhani ni neno la faiba.

#15 – Mwanzisha uzi

Nimemsomea binti yangu majibu yenu. Kafuta "kasi", kaandika upya kwa maneno yake: "Joshi ni kwenda upande ambao upepo hautaki." Sina la kumrekebisha.

Kuna lililonishinda. Babu alikuwa na jina la ubao wa kwanza kabisa, ule unaokaa juu ya mkuku pande zote mbili kabla ya mbao nyingine. Aliutaja kila siku, nami nilikuwa naokota bandu. Aliye na mzee wa chelezoni bado yuko hai, tafadhali amuulize leo, asingoje kesho.

#16 – kutoka Lamu

Kesho asubuhi naenda Matondoni, kijiji chetu cha mafundi wa majahazi. Nitauliza.